Ngumi ya Kilabuni na Ngumi ya Ulingoni: Kumbukumbu za Usiku wa Bonde la Kilombero

Maisha ya usiku katika Bonde la Kilombero yalifuata msimu wa fedha. Tangu mvua za kwanza hadi kuelekea mavuno, familia nyingi za mji wa Ifakara zilihamia mashambani, nyingine ng'ambo ya mto, zikaishi kwenye vibanda vya shamba na kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe mwitu na viboko. Mji ulipoa. Masika yalipokolea na Mto Kilombero kutapika maji bondeni, njia zilikatika na mtumbwi ukawa ndio usafiri. Ilipofika Juni, mpunga ulivunwa, ukapigwa, ukafungwa kwenye magunia, na watu wakarudi mjini na fedha mkononi. Ngoma, harusi, sherehe za unyago, ulipaji wa madeni na unywaji wa pombe vilibanana katika miezi michache ya kiangazi, na ugomvi nao ulikuja katika miezi hiyohiyo.

Upande wa Kidatu fedha zilitoka kwenye miwa. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianza kazi Msolwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na cha pili kikajengwa Ruembe mwaka 1976. Msimu wa kuvuna ulivuta vijana kutoka Mbeya, Iringa, Songea na kwingineko. Shamba lilichomwa moto kwanza ili majani makavu yaungue, kisha wakataji wakaingia na mapanga alfajiri, wakatoka jioni wakiwa weusi kwa masizi kuanzia nywele hadi nyayo. Kazi hiyo hujenga mabega na mikono ambayo bondia huitafuta kwa mazoezi ya miaka. Siku ya mshahara, mabega hayo yalijaa kwenye vilabu vya Kidatu, Mkamba na Ruaha.

Chanzo cha tatu cha fedha kilikuwa ujenzi. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kuanzia mwaka 1970 na njia ikakamilika mwaka 1975. Mang'ula palikuwa na kambi kubwa na karakana, na Mlimba pakawa kituo muhimu kabla treni haijaanza kupanda milima kuelekea Makambako. Katika miaka hiyohiyo bwawa la umeme la Kidatu lilikuwa likijengwa, na sehemu yake ya kwanza ilianza kuzalisha mwaka 1975. Maelfu ya vijana waliishi kwenye makambi, mbali na wazazi, wajomba na wazee wa ukoo ambao kijijini ndio huwaambia basi, imetosha. Reli ilipokamilika, treni ya masafa mafupi ambayo wenyeji waliiita Kipisi iliendelea kuwachanganya watu wa vituo vyote: wauza ndizi, wachuuzi wa mchele, wavuvi na watafuta vibarua.

Kwa hiyo sifa ya fujo iliyoandama baadhi ya miji ya bonde haikutokana na tabia ya kabila lolote. Fedha ziliingia kwa mkupuo, wageni wakawa wengi, na mahali pa kuburudikia pakawa pachache. Palipokutana mambo hayo matatu, kwenye migodi, bandari au mashamba makubwa popote Afrika Mashariki, usiku ulifanana.

Vilabu, baa na disko vumbi

Kilabu cha pombe za kienyeji kilikuwa banda la nguzo za miti lililoezekwa kwa nyasi au mabati, lenye ua wa mabua na mabenchi ambayo miguu yake ilichimbiwa ardhini. Kuchimbia benchi kulikuwa na faida mbili: halikuibwa, na halikuweza kurushwa. Pombe iliuzwa kwa kopo au kwa lita ya plastiki. Komoni na kangara zilipikwa papo hapo. Ulanzi, utomvu wa mianzi, ulishuka kutoka nyanda za juu za Iringa na Njombe katika madumu ambayo mifuniko yake ilifungwa nusu tu, kwa kuwa ulanzi huendelea kuchachuka njiani na dumu lililokazwa huvimba hadi kupasuka. Gongo, ambayo sheria imeikataza, ilinywewa kwa siri, nyuma ya nyumba.

Baa zilikuwa daraja la juu kidogo. Hapo palikuwa na bia za chupa, meza zenye vitambaa, redio au santuri, na jenereta palipokosekana umeme. Muziki wa mkoa wa Morogoro ulikuwa na hadhi yake. Mji wa Morogoro ulikuwa nyumbani kwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz, bendi iliyomwinua Mbaraka Mwinshehe na kumfikisha kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Mbaraka alianzisha Super Volcano mwaka 1973 na kufariki dunia katika ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Nyimbo za bendi hizo zilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, zikarushwa nchi nzima, na mtu wa Ifakara ambaye hakuwahi kukanyaga ukumbi wa Morogoro alizijua kwa moyo.

Baadaye likaja disko vumbi. Uwanja ulizungushiwa maturubai au makuti, mlangoni akasimama kijana wa kukusanya kiingilio, spika mbili zikawekwa juu ya meza, na ngoma ikachezwa juu ya udongo mkavu hadi vumbi likaficha taa. Miaka ya 1990 yaliongezeka mabanda ya video, ambamo filamu za Bruce Lee, Rambo na Van Damme zilionyeshwa kwa sauti kubwa. Mtoto aliyetoka kwenye banda la video alirusha mateke hewani njia nzima hadi nyumbani. Mabanda hayo yaliwaonyesha vijana picha ya shujaa: mtu mmoja dhidi ya wengi, asiyechoka na asiyeshtakiwa. Picha hiyo iliingia vichwani miaka mingi kabla bondia wa kweli hajaonekana karibu.

Kivuko cha mto kilikuwa na usiku wake. Kabla ya daraja la Mto Kilombero kujengwa, magari ya kwenda Lupiro na Mahenge yalisubiri pantoni, na abiria waliochelewa walilala ukingoni. Biashara ikajitokeza yenyewe: wali, samaki wa mtoni kama perege, kambale na mbala, chai, na pombe kwa waliotaka kuusahau usingizi wa kwenye gari. Madereva, matingo, wavuvi na wapiga makasia walikuwa wateja wa kudumu.

Ugomvi ulivyoanza na ulivyozimwa

Visa vya ugomvi vilikuwa vidogo. Zamu ya kopo iliyorukwa, deni la juzi, msichana aliyekubali kucheza na mwingine, mtu kukanyagwa mguu katikati ya dansi, tambo za Simba na Yanga. Aliyekasirika hakukasirikia mguu uliokanyagwa. Alikasirikia kuonekana amekanyagwa mbele ya watu na akanyamaza. Macho ya watazamaji ndiyo yaliyopigisha ngumi ya kwanza, na ndiyo maana wawili walewale, wakikutana asubuhi kisimani, mara nyingi waliishia kusalimiana.

Kila mtaa ulikuwa na mbabe wake. Kwa kawaida alikuwa mtu wa kazi nzito: mbeba magunia, mkata miwa, mpiga kasia. Jina lake lilitangulia kufika kabla yake, na mara nyingi alikunywa bila kulipa kwa sababu wengi walitaka kukaa upande wake. Hata hivyo ubabe wa zamani ulikuwa na masharti ambayo hayakuandikwa popote. Watu walizichapa kwa ngumi kavu. Aliyeanguka alisubiriwa ainuke, au akaachwa. Mzee akiingia kati, ugomvi ulisimama. Masharti haya hayakufuatwa kila mara, lakini yalijulikana, na aliyeyavunja alipoteza heshima hata kama alishinda. Chupa iliyovunjwa na panga vilipoanza kuonekana kwenye magomvi, hakuna aliyebaki na simulizi la kujisifia. Kilichobaki ni makovu, kesi na misiba.

Wazimaji wa ugomvi hawasimuliwi sana, ingawa bila wao usiku usingekwisha salama. Wa kwanza alikuwa mama mwenye kilabu. Alimjua kila mteja, mke wake na deni lake, na neno lake lilitosha kumtoa nje mwanamume aliyemzidi kimo na kilo. Aliyefukuzwa kwake hakupata kopo siku ya pili mpaka aombe radhi, na adhabu hiyo iliogopwa kuliko kofi. Wa pili walikuwa watani. Bonde lina Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena, na limepokea Wahehe, Wangoni, Wanyakyusa, Wasukuma na wengine wengi. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na baada ya hapo wakawa watani, hadi leo hii hutupiana maneno ambayo yangemtoa mtu mwingine damu. Mtani alikuwa na ruhusa ya kumcheka mtu mwenye hasira, kumnyang'anya kofia na kumwaibisha mpaka acheke naye. Mtu aliyekwisha kucheka hawezi tena kukunja ngumi.

Pale mama na mtani waliposhindwa, ilibaki serikali. Mtendaji na mgambo walikuja, majeruhi wakapelekwa hospitali, na shauri likaenda Mahakama ya Mwanzo. Magereza ya kilimo ya Kiberege na Idete yamo humohumo bondeni, na vijana waliyataja kwa utani wakiwa wamelewa na kwa sauti ya chini wakiwa wazima.

Ngumi ilipopata mipaka

Mchezo wa ngumi uliingia Tanganyika wakati wa ukoloni, ukakulia katika majeshi, na baada ya uhuru timu za Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa ndizo zilizoubeba mchezo wa ridhaa. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh, Uskoti, Titus Simba alitwaa medali ya fedha katika uzito wa kati. Kwa taifa changa hiyo ilikuwa habari kubwa: mkono wa Mtanzania ulikuwa umeheshimiwa ugenini, chini ya sheria zilezile zilizowabana wapinzani wake. Miaka ya 1990 Rashid Matumla, aliyejulikana kama Snake Boy, aliwafanya Watanzania wengi wafuatilie ngumi za kulipwa.

Tofauti kati ya ngumi ya ulingoni na ya kilabuni huonekana ukiyatazama masharti moja moja. Mabondia hupimwa uzito kabla ya pambano. Kilabuni mwenye kilo 90 humpiga mwenye 55 na kujiita mshindi. Raundi ni dakika tatu na mapumziko ni dakika moja. Kilabuni hakuna kengele. Ngumi ya kisogoni na ya chini ya mkanda ni kosa. Kilabuni kisogo ndicho hulengwa. Aliyeangushwa huhesabiwa hadi kumi, na mwamuzi akiona macho yake hayatulii humaliza pambano hata kama bondia mwenyewe anataka kuendelea. Kona inaweza kurusha taulo. Daktari hukaa karibu na kamba. Na muhimu kuliko yote, wote wawili wamekubali, wamejiandaa kwa wiki nyingi na hawajalewa.

Masharti hayo hayaiondolei ngumi hatari yake. Vichwa huumia, na wapo mabondia duniani waliokufa baada ya pambano. Lakini yanampa kijana mwenye nguvu jambo ambalo kilabu hakiwezi kumpa: njia ya kushindwa bila kuaibika. Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani, na ulingo ndio mahali ambapo methali hiyo hufanyiwa kazi kila wiki. Mabondia wawili waliotoana damu hukumbatiana kengele ya mwisho ikilia. Hadhira hujifunza kwa kuona.

Shujaa wa mkoa

Kwa watu wa mkoa wa Morogoro, kutoka Kilosa hadi Mlimba, jina lililobeba fahari hiyo kwa miaka mingi ni Francis Cheka, aliyeitwa SMG kwa jina la ulingoni. Aliyafanya makao yake mji wa Morogoro, mji kasoro bahari, ulio zaidi ya kilomita 200 kutoka Ifakara, na mdogo wake Cosmas naye aliingia katika mchezo huo. Cheka alipanda ngazi kwa kuwapiga wenye majina wa Dar es Salaam, na jambo hilo lilikuwa na maana yake. Kwa muda mrefu wa mikoani walizoea kwenda Dar kutafuta maisha. Huyu alikwenda kuchukua mikanda na kurudi nayo nyumbani.

Kilele kilikuwa tarehe 30 Agosti 2013 katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam. Cheka alipambana na Mmarekani Phil Williams kugombea mkanda wa dunia wa WBF katika uzito wa super middle, ambao kikomo chake ni kilo 76 na ushei. Pambano lilikwenda raundi zote 12 na Cheka akashinda kwa pointi. Kushinda kwa pointi katika raundi 12 ni dakika 36 za kupiga, kukwepa, kupokea na kuendelea kufikiri. Hakuna ugomvi wa kilabuni unaofika hata dakika tano, kwa kuwa hasira huishiwa pumzi haraka. Nidhamu ndiyo inayobaki raundi ya kumi na mbili.

Mcheza kwao hutunzwa, na Cheka alitunzwa. Jina lake lilitajwa kwenye vijiwe, vibanda vya chipsi, karakana na vituo vya bodaboda, na wasiojua hata majina ya mikanda walijua kwamba bingwa ni wa Morogoro. Baa zenyewe zilibadilika katika miaka hiyo. Runinga iliyotundikwa ukutani iliwageuza waliokuwa wakipigana kuwa watazamaji wa waliopigana, na mabishano ya nani angemweza nani yakachukua sehemu ya nafasi ya kuthibitisha papo hapo. Morogoro iliendelea kutoa mabondia: Twaha Kassim, maarufu kama Twaha Kiduku, alimshinda Dullah Mbabe mwaka 2021 katika pambano lililogawa mashabiki nchi nzima.

Usiku unapodai chake

Simulizi la shujaa lina upande mgumu, na kumbukumbu njema haiuruki. Mwanzoni mwa mwaka 2015 mahakama mjini Morogoro ilimtia Cheka hatiani kwa kumpiga na kumjeruhi meneja wa baa yake, tukio la mwaka uliotangulia, na ikamhukumu kifungo cha miaka mitatu. Habari hizo zilipita mipaka ya nchi. Hakukimaliza kifungo hicho gerezani na baadaye alirudi ulingoni, lakini mashabiki walikuwa wameona jambo ambalo hawakutaka kuliona. Kitendo ambacho ulingoni hushangiliwa, hatua chache nje ya kamba ni kosa la jinai. Kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu kinampa aliyesababisha madhara ya mwili adhabu ya hadi miaka mitano, na hakina sentensi ya kumpunguzia mwenye mkanda.

Mwaka uliofuata ulileta msiba. Thomas Mashali, bondia wa Dar es Salaam aliyewahi kupambana na Cheka, alifariki dunia mwishoni mwa Oktoba 2016 baada ya kushambuliwa na watu usiku eneo la Kimara. Mtu aliyestahimili makonde ya mabingwa aliuawa mahali pasipo na mwamuzi, pasipo na kengele na pasipo na mtu wa kurusha taulo.

Matukio haya mawili hayafanani, maana katika moja bondia alikuwa mkosaji na katika jingine alikuwa mhanga. Yanakutana mahali pamoja: usiku wa pombe hauheshimu ustadi wa mtu. Bondia maarufu akiingia baa, yuko hatarini kuliko mteja wa kawaida. Mlevi anayetaka jina humchokoza kwa sababu akimpiga atasimuliwa, na akipigwa atalipwa fidia. Bondia naye amezoeza mkono wake kujibu kabla akili haijauliza. Mazoezi yanayomwokoa ulingoni ndiyo yanayomponza mezani.

Mafunzo ya kumbukumbu hizi

Wanaoukumbuka usiku wa zamani wa Ifakara hupenda kusema kwamba ulikuwa mtamu. Ulikuwa mtamu kweli. Watu wa makabila mengi walikunywa kopo moja, wakacheza muziki mmoja, wakaoana, wakajenga mji ambamo mgeni hakuulizwa ametoka wapi. Utamu huo unastahili kuandikwa na kutunzwa. Lakini kumbukumbu ya haki huwakumbuka pia ambao hawakuwa kilabuni: mke aliyesubiri fedha za mpunga zikarudi nusu, mtoto aliyelipiwa ada kwa kuchelewa, mwanamke aliyeletewa nyumbani hasira zilizokosa mtu wa kumpiga njiani. Wao pia walikuwa watu wa usiku ule, na hakuna wimbo unaowataja.

Funzo la kwanza ni kwamba ugomvi hupungua zaidi kwa kubadilisha mazingira kuliko kwa kuwalaumu vijana. Kuanzia mwaka 2008 huduma ya M-Pesa, na baadaye nyingine za aina hiyo, ziliziondoa fedha za mavuno mfukoni na kuzificha kwenye simu, na mtu akiwa amelewa hazitoki kwa urahisi. Marufuku ya pombe kali za viroba iliyoanza Machi 2017 iliondoa njia rahisi ya kulewa haraka. Daraja la Mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018, na msururu wa magari yaliyolala yakisubiri pantoni ukaisha. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichowekwa kwa ajili ya kuzuia ngumi za kilabuni, lakini vyote vilikata mizizi yake.

Funzo la pili linawahusu wazimaji wa ugomvi. Mama mwenye kilabu na mtani walifanya kazi ambayo leo huachiwa baunsa. Baunsa huzima kwa nguvu, na nguvu huzaa kisasi. Mama alizima kwa sababu alimjua mtu, na mtani kwa sababu alimchekesha. Baa inayotaka usiku wa amani inahitaji wahudumu wanaowajua wateja wao na wenye ruhusa ya kumwambia mtu kwamba leo imetosha, hata kama bado ana fedha.

Funzo la tatu ni la vijana wenye nguvu. Bonde la Kilombero halijawahi kukosa mikono: linayo kwenye miwa, kwenye magunia, kwenye mitumbwi. Kinachokosekana ni mahali pa kuifikisha saa kumi na moja jioni, kabla kilabu hakijachangamka. Ulingo wa mazoezi hauhitaji fahari. Sakafu imara, kamba nne, mifuko ya kupiga iliyojazwa vitambaa, glovu chache, mwalimu anayezijua sheria na daktari au mganga wa zahanati aliye tayari kuitwa vinatosha kuanzia. Kata, shule za sekondari, kiwanda na makambi ya vijana vinaweza kugawana mzigo huo. Kijana aliyepigwa vizuri mazoezini na mwenye kilo kama zake hana hamu ya kumthibitishia mlevi chochote.

Funzo la nne ni la wanaoshangilia. Mji ukimpata shujaa humpa bia za bure, humpisha mbele, humchekea anapokosea na kumwita mbabe. Zawadi hizo humrudisha kilabuni alikotolewa na mazoezi. Kumtunza anayecheza kwao ni pamoja na kumpa kocha anayeweza kumkatalia, mhasibu wa fedha zake za mapambano, rafiki wa kumwondoa mezani mapema, na kazi ya kufanya siku ngumi zitakapokwisha. Bondia hustaafu akiwa bado kijana, na miaka iliyobaki ni mingi kuliko ile ya ulingoni.

La mwisho linahusu heshima yenyewe. Wababe wa mitaa ya zamani walisifiwa kwa idadi ya watu waliowaangusha. Mabingwa wanasifiwa kwa sababu walikubali kupimwa, kuhesabiwa na kuamuliwa na mtu mwingine. Ifakara, Kidatu na Mlimba zina haki ya kuwa na mabingwa wao, na kazi ya kuwalea ni ya wazazi, walimu, viongozi wa kata na wenye baa kwa pamoja. Wakiifanya, nguvu iliyokuwa ikiishia Mahakama ya Mwanzo itapata mahali pa halali pa kuonekana, na mtoto wa mkata miwa atakuwa na bondia wa nyumbani wa kumwiga badala ya mbabe wa kilabuni.